Siku ya Kura Nilipoachiwa Kijiji

Mkuu wa shule alitangaza mapumziko kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Kesho ni uchaguzi wa serikali za mitaa, alisema, siku nzima imetolewa, kila mwalimu aende akapige kura kule alikojiandikisha. Kisha akatugeukia sisi wawili tuliokaa mwisho wa benchi, mimi Mkenya na mwenzangu Mganda.

"Ninyi wageni hampigi kura," alisema. "Kwa hiyo laleni. Na tafadhali, msisogelee kituo chochote. Sitaki kuitwa mahali kuja kuwaelezea."

Sijawahi kupewa amri tamu kama ile. Shule yetu ya Bariadi ni ya mchepuo wa Kiingereza, na wazazi wa shule za namna hiyo hawapendi kumwona mwalimu amekaa. Jumamosi tuna masomo ya ziada. Jumapili tunasahihisha. Mwenzangu, aliyefundisha Kiingereza darasa la tano na la sita, alikuwa na mpango wa siku hiyo tangu wiki iliyopita: kulala mpaka saa nne, kuamka, kunywa maji, kulala tena.

Aliyeuvuruga mpango huo ni mpishi wa shule. Sote tulimwita Mayu, ambalo kwa Kisukuma ni mama, na umbo lake na sauti yake vilistahili jina hilo. Mimi na Mganda tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya jiko lake, na kwa mwaka mzima hatukuwahi kununua hata kiberiti.

"Mimi kesho naenda kwetu kupiga kura," alituambia jioni ile akisugua sufuria. "Ninyi mtakula nini?"

Tukatazamana. Hilo hatukulifikiria.

"Magenge ya chakula hayafunguliwi mpaka watu watoke kupiga kura," aliendelea. "Mtalala na njaa, halafu Alhamisi mnidondokee hapa. Twendeni wote. Nyumbani kwangu kuko mbali na kituo, mtalala huko huko, chini ya kivuli, mle, mlale tena."

Mganda aliuliza kama kuna nyama. Mayu akasema kuna jogoo. Hapo safari ikawa imepangwa.

Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki mbili kuelekea upande wa Migato. Mayu alipanda moja na mfuko wake wa sukari na chumvi. Mimi na Mganda tukapakiwa mshikaki kwenye nyingine, mimi katikati, nimebanwa kama karatasi kwenye faili. Dereva wetu alikuwa kijana mcheshi aliyeijua kila nyumba njiani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, udongo mweusi umeanza kunata, na kwenye mashamba ya pamba palikuwa na mistari ya plau iliyoishia katikati, kama barua ambayo mwandishi ameitwa nje kabla hajamaliza. Siku ile hakuna aliyelima.

Nyumba ya Mayu ilikuwa kando ya njia kuu ya kijiji. Kweli kituo cha kura kilikuwa mbali, kwenye shule ya msingi ng'ambo ya kijito. Ila jambo ambalo Mayu hakulitaja ni kwamba kila mtu wa upande huu wa kijiji aliyekuwa akienda kupiga kura alilazimika kupita mbele ya mlango wake.

Akatuwekea mkeka chini ya mwarobaini. Akabandika makande jikoni. Akatuonyesha jogoo mwekundu aliyekuwa akitembea uani kama mwenye nyumba.

"Huyo ni wa shemeji," alisema.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mumewe, na alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, mtu mwenye mashine ya kusaga, ambaye kijiji kizima kilimwita hivyo hivyo, Mwenye Mashine. Shemeji akishinda, jogoo anachinjwa jioni na watu wanakuja kula. Akishindwa, jogoo anaendelea kuwika.

"Mniangalizie hayo makande," Mayu alisema akijifunga khanga safi. "Naenda kupiga kura, narudi sasa hivi."

Mganda akasema, "Ndiyo." Lazima nieleze kuhusu hiyo ndiyo yake. Kiswahili alikuwa anakielewa nusu, na ile nusu asiyoielewa aliijibu ndiyo. Lilikuwa neno lililomfikisha mbali Tanzania, na lilikuwa karibu kutuua siku ile.

Hata dakika kumi hazikupita. Mwanamke mmoja kijana alisimama njiani akiwa na mtoto mgongoni.

"Mwangaluka," alisalimia.

"Mwangaluka," nikaitikia, ndicho Kisukuma changu chote cha asubuhi.

"Ninyi ndio walimu wa nje? Hampigi kura?"

"Hatupigi."

Akafungua mbeleko. "Basi naomba mnishikie huyu. Foleni ni ndefu, na jua hili."

Mtoto akaingia mikononi mwangu kabla sijajibu. Yule mama hakuondoka mara moja. Aliangalia huku na huku, akainama, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha taratibu ili nisikose hata neno. "Madamu, wewe nakwambia kwa kuwa si wa hapa, huna pa kulipeleka. Shemeji yake Mayu simpi. Nampa Mwenye Mashine." Akaniminya mkono, akaenda zake.

Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Mwaka mzima Bariadi nilikuwa mtu wa kusahihishwa. Siku yangu ya kwanza dukani nilisema "nipe sukari," kama tunavyosema kwetu, duka zima likanigeukia, na muuzaji akaniambia kwa upole kwamba watu huomba. Leo nimekaa kwenye mkeka, na mtu ananipa siri ya kura yake bila kuombwa.

Habari kwamba kwa Mayu kuna watu wawili wazima wasio na kazi ilikimbia kijijini kuliko pikipiki. Akaja bibi mwenye fimbo, akaacha kuku aliyefungwa miguu, alikuwa anampeleka kwa binti yake lakini kituoni hawaruhusu kuku. Akaacha pia siri yake: Mwenye Mashine. Akaja mama mwingine na mtoto mwingine, huyu anatembea, ambaye ni mbaya zaidi kuliko anayebebwa. Nikawa namvuta kutoka kwenye makande kila dakika mbili. Kisha akaja mwanamume mrefu akiswaga maksai wawili wakiwa bado na nira shingoni. Alizungumza na Mganda kwa kirefu, akionyesha maksai, akionyesha bonde, akionyesha mbingu.

"Ndiyo," alisema Mganda.

Mwanamume akamkabidhi kamba, akaja kwangu kuniambia yeye kura yake ni ya Mwenye Mashine, akaondoka.

"Amesema nini?" Mganda akaniuliza, kamba mkononi, amesimama kama mtu aliyeshikishwa nyaya za umeme.

"Amekuomba uwaangalie mpaka arudi. Kama wakiwa na kiu uwapeleke bondeni. Na yule wa kushoto usimguse masikio."

Mganda amezaliwa Kampala, kwenye ghorofa. Ng'ombe alikuwa anamfahamu kwenye sahani. Aliwatazama wale maksai, nao wakamtazama, na pande zote mbili zikaelewa nani atakayeamua. Wakaanza kutembea, naye akafuata nyuma akisema kwa Kiingereza cha darasani, "Excuse me, please. Excuse me." Waliingia kwenye matuta ya matembele ya Mayu, wakala tuta moja lote kwa adabu, wakarudi kivulini wakalala. Mganda akalala karibu yao, kwa uchovu si kwa urafiki.

Mume wa Mayu ndiye aliyenimaliza. Alitoka zizini, mtu mpole, mdogo wake mgombea kwa tumbo moja, akachuchumaa mbele yangu akijifanya anawasha sigara.

"Madamu, kaka yangu nampenda," alisema. "Lakini akiwa mwenyekiti atashinda kwenye mikutano, na ng'ombe wake atachunga nani? Mimi. Nampa Mwenye Mashine."

"Mdogo wake mwenyewe!" nilimwambia Mganda alipoamka. "Mwenzangu, yule mzee hata kura ya nyumbani hana."

Saa sita hivi akapita mgombea mwenyewe. Nilimtambua kwa koti. Hakuna mtu mwingine Simiyu nzima aliyevaa koti jua lile. Alikuwa mtu mwembamba wa umri wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, akikokota baiskeli iliyopasuka tairi. Akaomba kuiacha. Nikasema aiegemeze pale karibu na kuku. Akakaa kwenye kigoda, akakubali kikombe cha maji, akafumba macho hata nikadhani amesinzia.

"Madamu, huko kwenu mwenyekiti wa kijiji anafanya nini?"

"Kwetu hatuna, baba. Tuna chifu."

"Huku anaamshwa," alisema. "Mtu amegombana na mkewe, anakuamsha. Ng'ombe kaingia shamba la mtu, unaamshwa. Mimi napenda usingizi. Ni mke wangu. Amesema miaka yote mnakaa kusema fulani hafai, sasa simama wewe. Nikasimama." Akanywa maji. "Naenda kumpigia kura Mwenye Mashine. Usimwambie mtu."

Nikamhakikishia kwamba siri yake iko salama. Alipotoka nilimgeukia Mganda, tukacheka mpaka mtoto wa mgongoni akaanza kulia na mtoto wa miguuni akaanza kucheka.

Sasa tulikuwa na jambo ambalo kijiji kizima hakikuwa nalo. Wengine wangengoja matokeo mpaka jioni. Sisi tulikuwa nayo tangu mchana. Na mtu akishajua jambo ambalo wengine hawalijui, huanza kufikiria namna ya kulila. Mimi nilianza kumfikiria jogoo.

Nilipiga hesabu hivi: Shemeji anashindwa, kwa hiyo jogoo hachinjwi, kwa hiyo sisi tunakula makande matupu, na tuliahidiwa nyama. Mayu aliporudi kutoka kituoni, nikamfuata jikoni na sura ya mtu anayemtakia mema.

"Mayu, yule jogoo amekomaa. Ukingoja matokeo ndiyo umchinje, ataiva saa ngapi? Watu watakuja hapa na vigelegele wakute maji yanachemka. Mchinje sasa. Shemeji akishinda, chakula kiko mezani."

Mayu akanitazama. "Una imani kweli na shemeji yangu."

"Sana," nilisema. Mungu anisamehe.

Jogoo akachinjwa. Mayu akampika kwa nyanya na kitunguu, na harufu ikawaamsha hata maksai. Kisha akaniachia mwiko, akaenda kwa jirani kusaidia kuchota maji. "Onjeni chumvi tu," alisema.

Tulionja chumvi kwenye paja. Mganda hakuridhika, akaonja kwenye paja la pili. Tukabishana kidogo, tukaonja kifua ili kuondoa ubishi. Akina mama walikuja kuchukua watoto wao wakatukuta midomo inang'aa, wakasema wabeja, ndiyo asante ya huko, nasi tukaitikia tumefunga midomo.

Katikati ya hayo akatokea dereva wetu wa pikipiki. Alikuwa amezunguka kubeba wapiga kura siku nzima, ametua kunywa maji.

"Vipi huku, madamu? Watu wanasemaje?"

Siri nilikuwa nimeahidi kutunza, na nilizitunza. Sikutaja jina la mtu. Nilimkonyeza tu, nikasema, "Mwambie Mwenye Mashine asiwe na wasiwasi."

Akatabasamu meno yote, akawasha pikipiki, akapotea.

Saa kumi na mbili kasoro tulisikia vigelegele kutoka ng'ambo ya kijito. Vilikuja vikikua. Mganda akanyanyuka kwenda kunawa, ili tumpongeze Mwenye Mashine tukiwa wasafi.

Mbele ya msafara, wamembeba juu juu, koti limemteleza bega moja, alikuwa Shemeji.

"Nani ameshinda?" nilimwuliza yule mama wa mtoto wa mgongoni, aliyekuwa anacheza ngoma peke yake.

"Shemeji!"

"Si kweli."

"Kwa mbali sana!" alisema, akapiga kigelegele karibu na sikio langu.

Nyuma kabisa, akitembea taratibu, alikuwa Mwenye Mashine. Alikuwa amevaa suti ya bluu na viatu vya ncha. Mtu huvaa hivyo akiwa amekwenda nyumbani mapema kujiandaa.

Msafara ukajaa uani kwa Mayu, maana kila mtu alijua kuhusu jogoo. Mayu akaingia jikoni akitembea kama bibi harusi. Nikasikia mfuniko wa sufuria. Kisha nikasikia mwiko ukikwangua chini.

"Madamu," aliita. "Njoo."

Ndani ya sufuria kulikuwa na mchuzi, shingo, na miguu miwili.

"Jogoo wangu yuko wapi?"

Nilijaribu kutunga jambo, lakini uso wangu ulikuwa bado na mafuta. Nikamwambia yote. Nikamwambia nilijua shemeji atashindwa, kwamba watu walinipa siri zao, kwamba hata mumewe. Nilipofika kwa mumewe, Mayu alikaa juu ya kuni. Nikadhani amezimia. Alikuwa anacheka.

"Wote walikwambia wanampa Mwenye Mashine?"

"Wote. Walisema mimi ni wa nje, sina pa kupeleka."

"Huna pa kupeleka!" Akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Madamu, asubuhi ulikuja hapa na nani?"

"Na wewe."

"Ulipanda pikipiki ya nani?"

Nikamtaja yule kijana mcheshi.

"Huyo ni mdogo wake Mwenye Mashine. Baba mmoja, mama mmoja. Kijiji kizima kimekuona umemshika kiuno. Mashine ya kusaga huku ni moja. Nani akutangazie kwamba hampi kura mwenye mashine, halafu kesho apeleke mahindi yake yakae wiki nzima yanangoja? Walikuwa wanakutuma, madamu. Wamekuona wewe ni posta."

"Lakini sikusema jina la mtu yeyote."

"Ila ulisema?"

Nikamweleza kuhusu kukonyeza. Hapo Mayu alishindwa kukaa hata kwenye kuni, akalala kabisa, na akina mama wawili wakaingia kuangalia kuna msiba gani. Kuanzia hapo haikuwa siri tena. Nilisikia ikitoka jikoni, ikienda uani, ikirukaruka kutoka mdomo hadi mdomo kwa Kisukuma, na kila ilipofika palilipuka kicheko, mpaka ikamfikia Mganda, ambaye aliulizwa kama ni kweli amekula jogoo wa mwenyekiti.

"Ndiyo," alisema.

Bibi mwenye fimbo ndiye aliyetuokoa. Alimtoa kuku wake, yule aliyefungwa miguu, akasema binti yake atasubiri wiki ijayo. Ila akaweka sharti kwamba anayemnyonyoa ni mwalimu wa Kenya, mbele ya watu, na mwalimu wa Uganda achote maji. Nilinyonyoa. Watoto walikaa mduara kunitazama, na yule mwanamume wa maksai alinielekeza kila nilipokosea. Mwenye Mashine naye alikaa katika suti yake, akanihesabia manyoya niliyoyasahau, na wala hakuonekana kuwa na kinyongo. Alipoaga alinipa mkono na kusema, "Madamu, asante kwa ujumbe."

Watu walipopungua, Shemeji alikuja kuchukua baiskeli yake. Akainama kukagua tairi, akasema chini chini bila kunitazama:

"Wengine walikutania, nimesikia."

"Ndiyo, baba. Wote."

"Mimi sikukutania," alisema. "Mimi kweli nilimpigia yeye."

Sikujua niseme hongera au pole. Nikasema yote mawili. Akaitikia kwa kichwa, akashika usukani wa baiskeli, na mkewe akamwita kutoka njiani kwa sauti ambayo ingeweza kuongoza mkoa mzima.

Tulilala kwa Mayu, vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya muhula ule, nadhani kwa sababu ya kazi. Alfajiri tuliondoka, safari hii kwa pikipiki ya mtu mwingine, ambaye Mayu alimhoji kwanza kuhusu ukoo wake. Tulipopita nyumba ya mwenyekiti mpya, jua lilikuwa halijachomoza sawasawa. Alikuwa amekaa mlangoni na koti lake juu ya shuka la kulalia. Mbele yake walisimama mume na mke wakizungumza kwa wakati mmoja, na nyuma yao mtu wa tatu anangoja zamu na mbuzi kwenye kamba.

Nikampungia. Akainua mkono nusu, kama mwanafunzi anayejua jibu lakini anaomba asichaguliwe, kisha akamgeukia yule mke na kumwambia aanze upya, taratibu.